Mchuuzi Katika Picha: Kutoka Mitaa ya London Hadi Maduka ya Pemba

Katika makusanyo ya picha za kale za Zanzibar imo aina moja inayojirudia sana. Mtu amesimama peke yake, mara nyingi mbele ya ukuta mtupu, na mkononi au begani amebeba chombo cha kazi yake: dele la kahawa na vikombe, debe la maji, pakacha la matunda, gunia. Chini yake pameandikwa maneno mawili matatu kwa lugha ya kigeni yanayotaja kazi yake, na pengine kabila lake. Jina lake halimo. Picha za namna hii zilipigwa kwa wingi tangu mwishoni mwa karne ya 19, hasa na wapiga picha wa Kigoa waliofungua studio Mji Mkongwe, kama A. C. Gomes na akina Coutinho, na nyingi kati yake ziligeuzwa kadi za posta. Abiria wa meli alinunua kadi, akaandika salamu zake, akaituma kwao. Leo nyingi zimehifadhiwa mbali na sisi. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, kwa mfano, kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya mwaka 1860 na 1960.

Ninapofundisha historia ya pwani huwaonyesha wanafunzi wangu picha hizi na kuwauliza swali moja: kwa nini mchuuzi? Mji ule ulikuwa na makadhi, mafundi wa majahazi, walimu wa vyuo vya Kurani, matajiri na mabibi wa majumba makubwa. Baadhi yao walipigwa picha, lakini aghalabu walilipia picha zao na kwenda nazo nyumbani. Mchuuzi hakulipa na hakwenda na kitu. Sura yake ndiyo iliyouzwa. Wanafunzi hujibu kwamba alichaguliwa kwa sababu ndiye aliyekuwapo barabarani. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Mpiga picha alikuwa amekwisha kurithi namna ya kumtazama mtu wa barabarani, na urithi huo ulianza kabla ya kamera kuwapo.

Katika makala haya nataka kuonyesha mambo matatu. La kwanza, kwamba picha ya mchuuzi ina ukoo mrefu. La pili, kwamba tawi la ukoo huo lenye mafunzo makubwa zaidi ni picha za wachuuzi wa Kiyahudi wa Ulaya. La tatu, kwamba mafunzo hayo yanatuhusu sisi wa Pemba kwa pande mbili: tuliwahi kumtazama mchuuzi mgeni aliyekuja kwetu, na leo watoto wetu ndio wachuuzi wageni kwa wenzao.

Ukoo wa picha

Mwaka 1646 huko Italia ilichapishwa michoro 80 ya wachuuzi na mafundi wa mji wa Bologna, iliyotokana na kazi ya mchoraji Annibale Carracci, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Mwaka 1687 mchapishaji Pierce Tempest alitoa London michoro ya Marcellus Laroon, mfululizo ambao hatimaye ulifikia kurasa 74. Paris nayo ilikuwa na mifululizo yake. Mchoro ulichongwa kwenye bamba la shaba, bamba likapakwa wino, na nakala zikatolewa kwa mamia. Kwa hiyo kitu ambacho zamani kilikuwa mali ya tajiri mmoja kiliweza kununuliwa na watu wengi wenye uwezo wa wastani.

Kanuni ya mifululizo hii ilikuwa moja: karatasi moja, mtu mmoja, bidhaa moja, na ukelele wake mmoja umeandikwa chini. Muuza samaki, muuza mifagio, mnoa visu, mwanamke wa machungwa. Aliyenunua mkusanyo alikuwa kama amenunua mji mzima ukiwa umepangwa kurasa kwa kurasa. Angeweza kuufungua sebuleni bila kusukumwa na mtu, bila harufu ya samaki na bila kudaiwa. Waliochorwa hawakuwa wanunuzi wa michoro hiyo, wala hawakuulizwa. Wahenga wetu walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mchuuzi yumo kwenye karatasi kwa sura, lakini katika mazungumzo yanayofanywa juu ya karatasi hiyo hayupo.

Hapo ndipo ilipotoka kadi ya posta ya muuza kahawa wa Unguja. Kamera ilichukua nafasi ya bamba la shaba, na maelezo ya kabila yakachukua nafasi ya ukelele. Kanuni haikubadilika.

Ndevu, gunia na kofia tatu

Miongoni mwa wachuuzi wote wa michoro ya Ulaya, Myahudi alipewa hali ya peke yake. Muuza samaki angeweza kuwa na sura yoyote. Myahudi alikuwa na sura moja tu. Kufikia nusu ya pili ya karne ya 18 mchoraji wa London hakuhitaji hata kumtaja kwa maandishi: ndevu ndefu, koti refu lililochakaa, gunia begani, na kofia mbili tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine kichwani, basi kila mtazamaji alijua. Huyu alikuwa mnunuzi wa nguo kuukuu, anayepita mitaani akiita watu watoe nguo wasizozitaka. Wachora vibonzo mashuhuri wa zama zile, Thomas Rowlandson akiwa mmoja wao, walimtumia mara nyingi, na mara nyingi walimtumia kuchekesha.

Msomaji asidhani kwamba mchoro huo ulikuwa wa kubuni. Wayahudi wanunuzi wa nguo kuukuu walikuwapo London, tena wengi. Kabla ya viwanda nguo ilikuwa ghali, na maskini wa London alivaa alichokivua tajiri, kama leo wengi wetu tunavyovaa mtumba. Biashara hiyo ilikuwa halali na yenye faida kwa mji. Hata kofia za kichwani zilikuwa na maana yake, kwani hiyo ndiyo njia rahisi ya kubeba kofia bila kuziponda na huku mikono ikibaki huru. Kwa hiyo ukiulizwa iwapo mchoro ulisema uongo, ni vigumu kuonyesha mstari mmoja wa kalamu na kusema: uongo ni huu.

Uongo ulikuwa katika kilichoachwa nje ya karatasi, na kilichoachwa nje ni sheria. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na hawakuruhusiwa kurudi mpaka 1656. Waliporudi, katika Jiji la London, yaani eneo la kale la biashara, mtu hakuweza kufungua duka la rejareja bila kupewa uhuru wa Jiji, na Myahudi aliyeshika dini yake hakupewa uhuru huo mpaka mwaka 1830. Katika nchi nyingi za Ulaya bara vyama vya mafundi viliwafungia milango, na kumiliki ardhi kulikatazwa au kuwekewa vizuizi. Mtu aliyenyimwa duka, aliyenyimwa karakana na aliyenyimwa shamba alibaki na kazi ambayo mtaji wake unabebwa mgongoni. Sheria iliandika gunia. Mchoraji akalichora kana kwamba mtu amezaliwa nalo.

Mfano wa Bavaria unaonyesha jambo hili wazi zaidi. Amri ya mwaka 1813 ilitangaza kwamba inataka kuwaondoa Wayahudi katika uchuuzi na kuwaingiza katika kilimo na ufundi. Papo hapo ikafunga idadi ya familia za Kiyahudi katika kila mahali kwa daftari maalumu, na kijana asiyekuwa na nambari katika daftari hilo hakuweza kuoa na kuanzisha makazi yake. Daftari hilo halikufutwa mpaka 1861. Serikali ilimlaumu mtu kwa kutangatanga, na yenyewe ikamnyima mahali pa kutua. Wengi waliona njia iliyobaki ni kuhamia Marekani.

Kazi ya picha

Je, michoro hiyo ilifanya kazi gani, mbali na kuchekesha? Naona ilifanya kazi tatu.

Kwanza, iliwachanganya watu wasiofanana. Mwaka 1753 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwawezesha Wayahudi waliozaliwa nje kuomba uraia bila kulazimika kushiriki ibada ya Kikristo. Walioweza kufaidika ni wafanyabiashara wachache wenye mali, kwa kuwa maombi yenyewe yalikuwa na gharama kubwa. Hata hivyo ghadhabu iliyoamshwa kwa vijitabu, nyimbo na michoro ilimlenga Myahudi wa kila namna, mwenye benki na mwenye gunia wakawa mtu mmoja, na sheria ikafutwa kabla ya mwaka kwisha.

Pili, ilidumu kuliko ukweli wenyewe. Henry Mayhew, mwandishi wa habari aliyechunguza maisha ya maskini wa London, alichapisha mwaka 1851 kazi yake kubwa, na ndani yake umo mchoro wa mnunuzi wa nguo wa Kiyahudi uliotokana na picha ya kamera. Mayhew huyo huyo alieleza kwamba katika biashara ya machungwa mitaani vijana wa Kiyahudi walikuwa wameshasukumwa kando na maskini kutoka Ireland, waliokuwa tayari kuuza kwa faida ndogo zaidi. Uchuuzi, basi, haukuwa wa damu. Ulihama kutoka mgongo wa maskini mmoja hadi wa mwingine, kwa kadiri milango ilivyofungwa na kufunguliwa. Maandishi yaliliona jambo hilo. Sura iliyokwisha kuzoeleka haikuliona.

Tatu, picha ilikuwa ngumu kusahihishwa. Charles Dickens alipotoa riwaya yake ya *Oliver Twist* kati ya 1837 na 1839, alimweka ndani yake Fagin, Myahudi mpokeaji wa mali za wizi, na George Cruikshank akamchora kwa alama zile zile za zamani. Mwaka 1863 mwanamke Myahudi aitwaye Eliza Davis alimwandikia Dickens kumlalamikia dhuluma aliyowafanyia watu wake. Dickens alijitetea mwanzoni, lakini baadaye, katika toleo la 1867, aliondoa mahali pengi neno lililokuwa likimtaja Fagin kwa Uyahudi wake. Maneno yalipunguzwa makali. Michoro ya Cruikshank iliendelea kuchapwa na kuigwa, na watu wengi wasiosoma riwaya hiyo wanaijua sura ya Fagin.

Sisemi kwamba mchoro huua. Mwaka 1819 makundi ya watu katika miji ya Ujerumani, kuanzia Würzburg, yalipovamia nyumba na maduka ya Wayahudi, yalikuwa na sababu zake za kiuchumi na kisiasa. Lakini picha huondoa haya. Mtu uliyekwisha kumcheka mara mia karatasini ni rahisi kumsukuma mara moja barabarani. Ujerumani ya Wanazi ililielewa hilo. Filamu ya propaganda *Der ewige Jude* ya mwaka 1940, iliyoongozwa na Fritz Hippler, ilitumia picha zilizopigwa Poland baada ya nchi hiyo kuvamiwa, na ndani yake Wayahudi wanaonekana wakiuziana vitu mitaani. Filamu inauwasilisha uchuuzi huo kuwa ndiyo tabia yao ya asili. Wavamizi waliokuwa wakiwanyang'anya watu mali na kazi walikuja na kamera kuwapiga picha katika umaskini huo, kisha wakaifanya picha kuwa hoja ya hatua inayofuata. Hatua iliyofuata iliangamiza Wayahudi milioni 6.

Mmanga, Mhindi na pishi

Sasa turudi kwetu. Hadithi zetu si sawa na za Ulaya, na sitaki kuzilazimisha zifanane. Lakini kifaa ni kile kile: mtu mmoja anachorwa na mzigo wake, na kilichomtwisha mzigo kinaachwa nje.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba uchumi wa karafuu, na karafuu ni zao la mkopo. Mwenye shamba anahitaji fedha za wachumaji, za majamvi na za chakula kabla hajauza hata pishi moja. Duka la kijijini likampa mchele na kitambaa kwa deni mpaka mavuno, na nyuma ya deni likaja shamba kama rahani. Aliyekuwa nyuma ya meza ya duka hilo mara nyingi alikuwa Mhindi au Mmanga, yaani Mwarabu maskini aliyekuja kutoka Oman kwa jahazi wakati wa kaskazi. Mshihiri kutoka Hadhramaut naye alikuwa mjini akiuza kahawa, akichukua maji na kubeba mizigo bandarini.

Bei zilipoporomoka katika miaka ya 1930, madeni yakawa suala la serikali. Alan Pim alitoa ripoti yake mwaka 1932, na zikafuata nyingine juu ya madeni ya wakulima. Mwaka 1934 zikatungwa sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa watu wengine bila idhini, kuwabana wakopeshaji, na kukipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoundwa mwaka 1927, mamlaka juu ya biashara ya karafuu. Serikali ya India ilimtuma K. P. S. Menon kuchunguza, naye akazikosoa sheria hizo kwamba zinawalenga Wahindi. Sheria ya mwaka 1937 ilipokaza zaidi, wafanyabiashara wa Kihindi walisusia karafuu ya Zanzibar, na mgogoro haukwisha mpaka makubaliano ya 1938.

Dhuluma ilikuwapo. Mkulima aliyepunjwa kwenye pishi hakuota ndoto, na aliyeuza karafuu yake ingali mtini kwa bei ya kutupa alijua amefanywa nini. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani kumtetea mgeni kunahitaji kukana machungu ya mwenyeji. Hoja yangu ni nyingine. Katika lugha ya utawala walikuwamo watu watatu tu: Mwarabu mwenye shamba, Mhindi mwenye fedha, Mwafrika mwenye jembe. Pemba halisi ilikuwa na maelfu ya wakulima wadogo wenye mikarafuu yao wenyewe, na wenye maduka wa asili mbalimbali, Wapemba wakiwamo. Tena mwenye duka wa Chake Chake au Wete alikuwa naye anadaiwa na mfanyabiashara wa jumla wa Unguja, na huyo naye ana wakubwa wake katika benki na kampuni za kusafirisha nje. Mnyororo ulikuwa mrefu, na pete moja tu ya mnyororo huo ndiyo iliyokuwa na uso unaoonekana na mkulima. Uso huo ndio uliochorwa.

Haikuwa bahati mbaya kwamba Wazungu wengi wa zama za ukoloni walimfananisha Mhindi wa Afrika Mashariki na Myahudi wa Ulaya. Huko Siam mfalme Vajiravudh aliandika mwaka 1914 kijitabu kilichowaita Wachina Mayahudi wa Mashariki. Sura ilisafiri kama bidhaa nyingine. Iliwekwa juu ya mtu yeyote aliye mgeni, mwenye duka, na asiye na jeshi la kumlinda. Agosti 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, hakuhitaji kubuni mchoro mpya; alikuta umekwisha kuchorwa.

Kwetu sura iliyogharimu damu zaidi ilikuwa ya Mmanga. Katika zama za siasa, miaka ya 1950, magazeti ya vyama yalichora watu kwa maneno, na mwanahistoria Jonathon Glassman ameonyesha kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2011 jinsi lugha hiyo ya magazeti ilivyotayarisha njia ya mawe na mapanga. Mmanga alichorwa kwa jambia kiunoni, mizani ya udanganyifu na moyo usio na huruma. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 wateja walisusia maduka, na huku wenye mashamba wakiwaondoa watu waliokuwa wakilima kwenye ardhi yao. Kila upande ulikuwa na picha ya mwenziwe. Tarehe 1 Juni 1961, siku ya uchaguzi, ghasia zililipuka Unguja. Waliuawa watu 68, na karibu wote walikuwa Waarabu. Tume iliyoongozwa na Stafford Foster-Sutton ilichunguza. Tukiangalia waliouawa walikuwa akina nani, tunakuta kwamba wengi walikuwa Wamanga wa mashamba: watu wenye duka dogo au kipande cha ardhi, wanaoishi peke yao mbali na mji. Mabwana wakubwa wa mashamba, ambao utajiri wao ndio uliokuwa mada ya siasa, hawakuwa huko.

Hilo ndilo jambo ninalowaomba wanafunzi walitafakari. Picha humchanganya tajiri na maskini wa kabila moja, na inapofika siku ya kulipa, maskini ndiye anayepatikana nyumbani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mwenye kamba ndiye wa kwanza kukamatwa.

Sasa ni zamu yetu kutazamwa

Leo picha ya mchuuzi inapigwa kwa simu. Tanzania Bara ana jina: machinga. Neno hilo lilitokana na Wamachinga wa upande wa Lindi, likawa jina la kazi, na mdomoni mwa baadhi ya watu likawa jina la kero. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilimhesabu mtu asiye na kazi rasmi kuwa mzururaji wa kupelekwa shambani. Desemba 2018 serikali ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na mchuuzi akawa mtu wa kutambuliwa. Baadaye zikaja amri za kuwahamisha kutoka kandokando ya barabara. Katika vipindi vyote hivyo mchuuzi ni yule yule. Kilichobadilika ni maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yake.

Wapo pia watu wa kisiwa hiki. Ukiuliza Chake Chake, Wete au Mkoani, ni nadra kupata ukoo usio na mtoto aliye dukani Dar es Salaam, Tanga au mbali zaidi. Bei ya karafuu iliposhuka, ajira za serikali zilipokuwa finyu, na milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, vijana wetu walifunga virago. Huko waliko, duka la mtaani hata likiwa la Muunguja huitwa duka la Mpemba. Mpemba ni mtu wa vichekesho: mbahili, mjanja, analala dukani, hafungi mpaka usiku wa manane, anawaita ndugu zake mmoja mmoja mpaka mtaa mzima uwe wao. Watu hucheka, nasi hucheka pamoja nao, kwa kuwa ndani yake mna ukweli. Ni kweli analala dukani. Hakuna anayeuliza kodi ya chumba ni kiasi gani, mtaji ni wa nani, na kwa nini kijana aliyemaliza kidato cha nne Pemba hakuona mlango mwingine. Kofia tatu za mnunuzi wa nguo wa London nazo zilikuwa kweli.

Kwa watumishi wa serikali wanaosoma ukurasa huu, nina ombi la kazi. Kabla ya kuandika mapendekezo juu ya wachuuzi kwa kutegemea picha ya barabara iliyojaa vibanda, ulizeni maswali manne. Nani alipiga picha hii, na kwa matumizi gani? Kodi ya meza sokoni ni kiasi gani, na meza ziko ngapi kwa wachuuzi wangapi? Sheria ipi iliyomfikisha mtu huyu barabarani? Nani anafaidika akiondolewa? Majibu yanaweza bado kuwaelekeza kumhamisha, kwani barabara ni ya watu wote na gari la wagonjwa lina haki ya kupita. Lakini mtakuwa mmeamua juu ya mtu na hali yake, na si juu ya sura.

Kwa wanaharakati, angalizo moja. Mchuuzi mtakatifu anayebandikwa kwenye mabango yenu, mwenye tabasamu na beseni kichwani, naye hana jina. Huyo pia ni karatasi moja yenye mtu mmoja na bidhaa moja. Mpeni jina kwa ridhaa yake, au mwacheni aseme mwenyewe.

Kwa wanafunzi wangu, kazi ya kufanya ipo karibu. Nyumbani kwenu zimo picha za wazee waliouza kahawa, vitumbua, nguo na samaki, au waliokuwa na duka Mwembeladu, Kariakoo au Mombasa. Wengi wa wanaozijua sura hizo wamebaki wachache na umri umekwenda. Kaeni nao, ulizeni huyu ni nani, alianza na mtaji gani, alidaiwa na nani, alifukuzwa wapi na akapokewa wapi. Kisha igeuzeni picha, mwandike majibu nyuma yake kwa kalamu isiyofutika, mkianza na jina.